Siti ya Nyuma Kwanza: Namna ya Kutomsahau Mtoto Ndani ya Gari

Mimi ni dereva wa gari ya skuli. Hiace yangu inachukua watoto wa maandalizi wa Fuoni, Melinne na Tomondo, hapa Unguja, na huu ni mwaka wa 11. Kabla ya hapo nilikuwa na daladala. Abiria wa daladala akipitiwa na usingizi, utingo humwamsha kwa kelele, na akipitishwa kituo hugomba. Mtoto wa miaka minne akilala hagombi. Huteleza akaingia baina ya siti kama mkoba.

Naanza na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo mtasema huyu babu anatufundisha nini.

Ilikuwa Februari, kaskazi kali. Dada anayefuatana nami garini, yule anayevuta mlango na kuwapandisha wadogo, hakuja. Alikuwa na msiba Donge, alitoka na alfajiri. Nikasema haina neno, njia naijua. Kwa kuwa niko peke yangu, nikaanza Tomondo badala ya Fuoni, na watoto waliozoea kukaa mbele siku hiyo wakakaa nyuma. Getini nikavuta mlango, wakashuka wote kwa pamoja kama dagaa waliomwagwa uwanjani, mwalimu wa zamu akawapokea. Hapo hapo simu ikalia. Kaka yangu, habari za mbao za kenchi: fundi anataka kuanza na mbao hazijafika. Nikazungumza naye mpaka pale ninapoegesha siku zote, nyuma ya maduka, nikafunga milango, nikaenda kwenye chai. Chai ya maziwa, maandazi mawili, na habari za mbao zikaendelea na wenzangu wa pale barazani.

Nilirudi garini kwa sababu nilisahau miwani. Naomba hilo lieleweke vizuri: sikukumbuka mtoto, nilikumbuka miwani.

Nilipofungua mlango wa dereva, hewa ya ndani ilinipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya pilau. Nikasikia kitu kama mlio wa paka. Siti ya mwisho kabisa, upande wa kushoto, msichana wa darasa la nasari kalala ubavu, kichwa kimeegemea bati. Ushungi wake mweupe ulikuwa umerowa ukaganda kwenye nywele, mashavu yamemwiva, kiatu kimoja kimemvuka. Alifumbua macho, akaniuliza, "Babu, tushafika?"

Mwisho wa habari yake nitauleta chini, kwa sababu hapo napo nilikosea.

Kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anasahau

Nilijilaumu sana, na naendelea. Lakini kujilaumu hakumzuii dereva mwengine kufanya kama mimi, basi nikaanza kusoma. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, anaitwa David Diamond, ambaye kwa miaka mingi ameyachunguza matukio kama haya. Anaeleza kwamba kichwani kuna kumbukumbu mbili zinazoshindana. Moja ni ya mazoea, ile inayokupeleka nyumbani huku unawaza mengine. Nyengine ni ya mipango: leo nina mtoto nyuma, leo nipitie kwa bibi yake. Ya mazoea ina nguvu zaidi, khasa mtu akiwa amechoka, hajalala vizuri, au siku yake imebadilika. Na kibaya zaidi, inaweza kukupa yakini kwamba kazi umeshaifanya. Mimi nilipokuwa nakunywa chai ile sikuwa na wasiwasi hata chembe. Ungeniuliza watoto wako wapi, ningekuapia kwamba wote wako darasani.

Sisi madereva tunalijua hili bila profesa. Mikono inaijua njia. Mara ngapi umetaka kwenda Kiembesamaki ukajikuta umeshakata kona ya Mwanakwerekwe?

Gari yangu ilikuja kutoka Japani na bado ubavuni ina maandishi ya kwao. Nimeambiwa ni jina la skuli ya chekechea. Kwa hivyo niliposoma habari ya huko niliisoma kama habari ya ndugu wa gari yangu. Mwezi wa Septemba 2022, katika mji wa Makinohara, mkoa wa Shizuoka, mtoto wa kike wa miaka mitatu aliachwa ndani ya basi la chekechea kwa saa tano hivi, akafa kwa joto. Mwaka mmoja kabla, Julai 2021, mtoto wa kiume wa miaka mitano alikufa vivyo hivyo katika mji wa Nakama, Fukuoka. Sasa tizama lililotokea Makinohara: dereva wa kawaida alikuwa na udhuru siku hiyo, mkuu wa skuli ndiye aliyeshika usukani. Na mwalimu wa darasa aliona mtoto hayupo, lakini hakumpigia mzazi. Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Kwangu nako, dada wa gari aliyeko msibani, na mwalimu wa darasa aliyedhani mtoto anaumwa. Ilikuwa siku yangu ile ile, tafauti ni miwani tu.

Kuanzia Aprili 2023 Wajapani wameweka sharti: basi la watoto wadogo lazima liwe na kengele, na aina moja ya kengele hizo huanza kulia ukizima injini, hainyamazi mpaka dereva atembee hadi nyuma kabisa akabonyeze kitufe. Ukifika kwenye kitufe umeshapita siti zote. Kengele ile sina, lakini miguu ninayo.

Joto lenyewe

Watu wengi huniambia, "Babu, nimemwacha kivulini na kioo nimekiteremsha." Nina kipimajoto cha mashine yangu ya kutotolea vifaranga. Mayai hutaka nyuzi 37 na nusu, yakizidi sana vifaranga hufia ndani ya ganda. Siku moja ya Januari nilikitundika ndani ya Hiace tupu, juani, vioo juu. Nje, chini ya mwembe, kilikuwa kimesoma 31. Baada ya dakika kumi kikasoma 41. Nusu saa, 49. Mke wangu akaniambia nikitoe, kitapasuka na vifaranga watakosa mlezi.

Sio miujiza ya gari yangu. Jua hupita kwenye kioo, likagonga dashibodi na viti, likageuka joto, na joto hilo kioo hakiliachii litoke. Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utafiti wao: ndani ya gari iliyofungwa joto lilipanda kwa wastani nyuzi 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya kupanda huko ilikuwa katika nusu saa ya mwanzo. Waliteremsha vioo kidogo, na hakukuwa na nafuu ya maana. Kivuli kinapunguza, sikatai, lakini hakiokoi. Tena jua letu linahama. Unaegesha chini ya mkungu saa mbili, saa nne kivuli kiko kwa jirani.

Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Jasho lake halijaweza kazi sawasawa, na katika unyevu wa hapa kwetu hata jasho la mkubwa halikauki, linatiririka tu. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40, huo ni ugonjwa wa hatari wa joto. Likifika karibu na 42 viungo vinaanza kufa. Kwa hivyo hesabu dakika, usihesabu saa.

Ninavyofanya sasa

Asubuhi kila mtoto anapopanda namtia alama kwenye daftari. Sio simu, daftari, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Getini simwachi mtoto aruke. Nakaa mlangoni, kiganja wazi, na kila anayeshuka ananigonga mkono na mimi nahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Wanapenda sana, wengine hurudi kugonga mara ya pili na kunivurugia hesabu, hao huwarudisha garini wakashuka upya. Wakipanda 17, washuke 17. Ikipungua mmoja, geti halifungwi na gari haiondoki.

Hesabu ikitimia, bado sijamaliza. Napanda mwenyewe kwa mlango wa abiria, naenda moja kwa moja mpaka siti ya mwisho, nainama, napitisha mkono chini ya kila siti nikirudi mbele. Usitizame kwa macho kutoka mlangoni. Mtoto aliyelala na kujifunika mtandio haonekani, na siti za Hiace zina migongo mirefu. Mkono ndio unaona. Nimeshapata chupa za maji, kofia, msahafu mdogo, nusu ya sambusa, na mara moja kasa mdogo wa plastiki aliyelia nilipomkanyaga, nikaruka mpaka nikagonga kichwa.

Halafu kibao. Nilikata ubao mwembamba, upana wa karatasi ya kuandikia, nikaupaka rangi nyeupe na kuandika HAMNA MTU kwa rangi nyekundu. Una kamba na ndoana. Unakaa siti ya nyuma kabisa. Nikimaliza kupapasa, nautundika kwenye kioo cha nyuma, maandishi yakitizama nje. Mwalimu wa zamu hafungi geti mpaka akione kibao. Siku za mwanzo wenzangu barazani walinicheka. Mmoja alisema sasa babu anauza gari. Leo wawili kati yao wana vibao vyao, na mmoja kaandika kwa maandishi mazuri kuliko yangu.

Kitu kimoja zaidi hapa: kwenye gari simu haipokewi mpaka kibao kiwe juu. Kaka yangu alichukia. Mbao zake zilifika.

Wenye gari zao binafsi

Nyinyi hamna mwalimu wa zamu wala daftari, na nakuoneeni huruma zaidi. Vijana siku hizi wananunua kiti cha mtoto, na hilo ni jema; mtoto kupakatwa mbele ni hatari nyengine kabisa. Lakini mtoto aliyepakatwa hasahauliki. Marekani vifo hivi viliongezeka miaka ya 1990, pale watoto walipohamishiwa nyuma kwa kukimbia mifuko ya hewa ya mbele, ile inayofutuka gari ikigonga na inayoweza kumuumiza mtoto. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma, ukikitizama kutoka kwenye usukani, kikiwa na mtoto na kikiwa kitupu ni sura moja.

Basi nakupa dawa ya bei rahisi kabisa. Ukimpandisha mtoto, vua ndara ya mguu wa kushoto uiweke chini ya miguu yake. Kushoto, kwa sababu gari zetu nyingi ni otomatiki na mguu wa kushoto hauna kazi. Ukifika huwezi kushuka. Utakanyaga kifusi cha moto kwa mguu mtupu, na utarudi nyuma kwa lazima. Mwanangu wa kike anaona haya kwa sababu anavaa viatu vya ofisini, yeye huweka pochi. Pochi nayo inafaa, mradi iwe na kitambulisho cha kazini ambacho bila hicho hapiti mlangoni. Simu siikubali, ingawa wengi huitaja. Simu haikai nyuma. Ikilia utanyoosha mkono uichukue, na imeshakuwa haina kazi. Italia tangu 2019 sheria inataka kiti cha mtoto wa chini ya miaka minne kiwe na kifaa kinachopiga kelele akiachwa. Vizuri, atakayeweza anunue. Ndara haiishiwi betri.

Fanya hivyo kila siku, hata siku ambazo mtoto hayuko. Ukisubiri siku aliyepo, utasahau ndara kama utakavyosahau mtoto.

Na zungumza na anayempokea. Bibi, mlezi, mwalimu, yeyote: mtoto asipofika saa mbili na nusu, apige. Skuli nyingi zinalia habari ya vocha, basi kubalianeni kubipu. Mwalimu anabipu, mzazi anapiga. Kwetu sasa mwalimu wa nasari ana orodha ya namba nyuma ya mlango, na kila asiyefika anabipiwa kabla ya uji. Mwanzo wazazi walikasirika, wakaona wanachunguzwa. Ulipita muhula mmoja wakaanza wao kupiga mapema kusema leo haji.

Jihadhari na siku iliyogeuka. Baba kampeleka mtoto badala ya mama. Mgeni kaja kutoka Pemba na asubuhi unapitia bandarini kwanza. Mtoto mchanga hajalala usiku na wewe hujalala. Na Ramadhani: tumeamka daku, ratiba za skuli zimesogezwa, vichwa vizito. Mwaka 2026 inaangukia Februari, 2027 vilevile, 2028 inaanza mwisho wa Januari, yaani funga yote ndani ya kaskazi. Mwezi huo dada wa gari hukagua baada yangu, mkono wa pili baada ya mkono wa kwanza. Si kwamba haniamini. Mimi ndiye siamini.

Nakwenda mara moja tu

Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Jan Null, anahesabu vifo hivi tangu 1998, na wastani ni watoto 37 hivi kila mwaka kwa nchi ile peke yake. Zaidi ya nusu walisahauliwa. Karibu robo waliingia wenyewe kucheza. Waliobaki, mkubwa aliwaacha huku anajua. Kwa ninavyoona mimi, hapa kwetu hayo mawili ya mwisho ndiyo ya kuogopa zaidi.

Darajani, saa tano mchana: mama anashuka kununua samaki, mtoto kalala, anaona imani kumwamsha. Foleni, chenji hakuna, kakutana na shoga yake wa Wete hawajaonana tangu Idi. Mwengine huacha injini inaunguruma na kiyoyozi kikipiga. Gari zetu za kununua mkononi, injini huzima yenyewe au kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya moto bila kukupa taarifa, na mtoto akicheza akagusa gia ni balaa jengine. Mwamshe tu. Alie. Mtoto anayelia begani kwako ni mzima.

Usimpe mtoto funguo achezee. Atabonyeza kitufe cha kufunga, nawe uko nje. Na gari nyingi za Toyota ukifungua kwa rimoti kisha hukufungua mlango, baada ya nusu dakika hivi zinajifunga zenyewe. Nyumbani, tundika funguo juu, msumari wa usawa wa kichwa cha mtu mzima, na gari ifungwe hata ikiwa uani.

Sasa gari mbovu. Kwetu Fuoni, katika nyumba kumi hukosi gari mbili zilizokufa, matairi hayana pumzi, kuku wanataga chini. Watoto wanaingia kucheza udereva. Mlango wa gari iliyokaa miaka ukifungwa kwa nguvu huwa haufunguki, umeshika kutu. Ama uifunge kabisa, ama uing'oe milango. Mimi ya kwangu niliing'oa, na sasa watoto wanaendesha bila ya milango mpaka Nungwi na kurudi. Buti nalo litizame. Gari zinazouzwa Marekani kuanzia modeli za 2002 zina mpini unaong'ara gizani ndani ya buti ili aliyefungiwa ajifungulie. Hizi zetu zilizotengenezewa Japani, mimi sijauona mpini huo hata kwenye moja.

Mtoto akipotea sisi hukimbilia kisimani na pwani. Sawa, kimbilieni. Lakini mtu mmoja, papo hapo, aende kwenye magari: yako, ya jirani, na ile mbovu. Afungue na buti.

Mfundishe kupiga honi

Kila mwanzo wa muhula nina siku ya honi. Nawafungia garini watoto watatu watatu, mimi niko ndani nimekaa nyuma, asubuhi mapema kabla ya jua. Nawaonesha: mlango wa nyuma ukikataa usiupige mateke, huenda ile kufuli ya watoto imefungwa. Kufuli hiyo iko kwenye milango ya nyuma tu, milango ya mbele haina. Basi panda, pita katikati, nenda kwenye kiti cha Babu, vuta kishikio. Kikikataa, bonyeza katikati ya usukani kwa mikono miwili, usiachie. Kwenye gari nyingi honi inalia hata injini ikiwa imezimwa na funguo haipo. Jaribu yako leo, usiniamini mimi.

Wiki ile mtaa mzima hulalamika. Watoto hutafuta sababu ya kukwama.

Ukimkuta mtoto amefungiwa

Jaribu milango yote, na mlango wa nyuma wa mizigo. Mwite, gonga kioo. Akiwa macho na anakujibu, mtu mmoja abaki naye na mwengine atafute mwenye gari. Kipaza sauti cha msikiti hufanya kazi haraka kuliko simu. Lakini akiwa amelegea, anatapika, haitikii, au anatetemeka, usimsubiri mtu. Vunja. Chagua kioo cha ubavuni kilicho mbali naye, ugonge pembeni karibu na kona, kwa spana ya magurudumu au jiwe lenye ncha. Kioo kikubwa cha mbele usikiguse, kina utando ndani, kitapasuka na hakitoki. Kioo kinalipika.

Mtoe, mpeleke kivulini, mvue nguo. Mmwagie maji mwili mzima, ya mtungi, ya ndoo, ya bomba, yoyote ya baridi uliyonayo, na mtu ampepee kwa upepeo au kanga bila kupumzika. Wauza juisi wa miwa wana barafu: ifunge kwenye kitambaa, weka kwapani, shingoni na mapajani. Maji ya kunywa mpe tu kama yuko macho na anameza mwenyewe, kidogo kidogo. Akiwa amezimia mlaze ubavu, asipewe kitu mdomoni. Panadoli haisaidii joto hili, halitokani na homa. Akitetemeka watu watasema ni degedege na kila mtu atakuwa na dawa yake. Endelea kumwaga maji. Mpoze kwanza, hospitali baadae kidogo, na njiani vioo viwe chini na kitambaa kibichi kiwe mwilini.

Hata akizinduka, akacheka, akaomba aiskrimu, mpeleke. Figo na ini vinaweza kuonesha madhara baada ya saa nyingi.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Mtoto wangu yule nilimtoa, nikampa maji, nikamwosha uso na kichwa kwenye bomba la msikiti, nikamvisha kiatu chake, akawa anazungumza. Nikampeleka darasani na nywele mbichi. Nikamwambia mwalimu alilala kidogo. Kidogo! Asubuhi yote nilikuwa nahesabu maneno ya kumwambia mama yake, na nilimwambia saa kumi, nilipomshusha mlangoni kwao. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na buibui lake, akambeba mtoto, akapanda mbele ya Hiace, akasema, "Twende Mnazi Mmoja, baba."

Mtoto alikuwa salama. Daktari aliyempima aliuliza kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumjibu ila mimi: alikaa muda gani? Nikasema kama robo saa hivi. Usiku nilifungua simu nikatizama. Kaka yangu alinipigia saa moja na dakika 48, na miwani nilikuja kuichukua wakati fundi wa mbao ananipigia, saa mbili na dakika 27. Asubuhi yake nilirudi kwa daktari kumwambia.